Ukuta Hauachwi Nusu

Mdogo wangu aliitwa Sijambo tangu utotoni, na jina hilo nilimpa mimi kwa hasira. Alikuwa amepanda paa la jirani kufuata mpira, akaanguka, mkono ukavunjika chini ya kiwiko. Nilipofika nilimkuta amekaa vumbini, mkono umeelekea upande usio wake, machozi yamejaa machoni lakini hayathubutu kushuka. Nikamuuliza, "Hujambo wewe?" Akatabasamu, akanijibu, "Sijambo, dada." Nilimzaba kofi kwanza, ndipo nikambeba. Nyumbani nikamwambia mama, "Haya, mpokee Sijambo wako." Jina likamganda.

Najua sote tumelelewa hivyo. Mtu akikuuliza hujambo, sharti ujibu sijambo, hata kama nyumba inaungua nyuma yako. Shida huja baadaye: sijambo, ila nina homa kidogo, sijambo, ila mwenzio sikulala. Watu wote ninaowajua wana hiyo "ila" yao, na wengine, mimi nikiwemo, ila yetu ni ndefu kuliko salamu. Mdogo wangu hakuwa nayo. Ukikaa umsubiri aiseme, mtakesha.

Alikuja kuwa fundi wa plasta. Hakuwa fundi wa maghorofa, wala hakuwahi kujenga kitu ambacho watu wangesimama kukitazama. Kazi yake ilikuwa nyufa. Nyumba ikipasuka, aliitwa Fundi Sijambo, naye alikuja na mwiko wake, ndoo mbili na pimamaji iliyopasuka kioo. Watu walipomtania kwa ule msemo wa usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema, "Msiutangaze sana. Wakiziba nyufa zao wenyewe, mimi nitakula nini? Na wasipoziba, ukuta ukianguka wataniita vilevile." Kisha aliulowesha ukuta kwa maji, taratibu, kuanzia juu, na hapo mzaha ulikwisha.

Maana alikuwa na sheria moja, na kwa sheria hiyo hakuwa na utani na mtu. Ukuta ukianza kupigwa plasta hauachwi mpaka uifikie kona. Chakula kilipoa. Mvua ilinyesha, akajifunika gunia. Siku ya harusi yake alianza ukuta asubuhi, eti alidhani ni mdogo, akafika kwa bibi harusi amechelewa, na saruji imemkauka sikioni. Wifi yangu alikuwa ameshaanza kuvua hereni. Nilipomkaripia akaniambia, "Dada, ukuta hauachwi nusu. Ukikatiza, pale ulipokatiza ndipo utakapopasuka. Kama si leo, mwakani." Na si maneno matupu. Alikuwa akiingia nyumba ya watu kama mgeni, anaweka kiganja ukutani, anakitembeza, kisha anasimama mahali fulani na kusema, "Hapa fundi alikwenda kula." Ukitazama, ufa mwembamba upo papo hapo.

Nyumba yake mwenyewe, nadhani umeshajua. Kinyozi hajinyoi. Ilikuwa nyumba ya udongo, mwisho kabisa wa makazi, karibu na vichaka na vichuguu vya mchwa, na nyufa zake zilipitisha kidole. Kila nilipokwenda nilimsema, kila nilipomsema aliahidi. Binti yao alilala kwenye kitanda kilichosogezwa ukutani, na mimi ni mshonaji, kwa hiyo nilikuwa namletea vifungo vilivyobaki. Alivitumbukiza kwenye nyufa kimoja kimoja, akasema ni benki yake. Baba mtu alicheka sana. "Siwezi kuiziba, dada," aliniambia. "Nitamfilisi mtoto."

Ugonjwa wake niliujua kwa suruali kabla daktari hajaujua kwa sindano. Aliniletea nimpunguzie kiuno. Baada ya muda akairudisha, nikapunguza tena. Mara ya tatu nikaweka suruali chini na kumtazama. Shingo ilikuwa imebaki mishipa, macho yameingia ndani, lakini tumbo limejaa, hasa upande wa kushoto chini ya mbavu. "Hujambo wewe?" nikamuuliza. "Sijambo, dada. Kitambi cha utajiri hiki." Homa ilikuwa ikimjia na kumwacha kwa miezi. Alikuwa amemeza dawa za malaria za kila rangi.

Nilifunga cherehani yangu, nikamshika mkono hadi hospitali. Huko daktari, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, alimbonyeza bandama, akatoa damu, na baadaye akatuita akatueleza. Ulikuwa kala-azar. Akasema huletwa na usubi, kidudu kidogo kuliko mbu, ambacho huuma jua likizama na mchana hujificha penye giza na unyevu: kwenye vichuguu, kwenye mazizi, kwenye nyufa za kuta za udongo.

Mdogo wangu alikuwa na mzaha tayari mdomoni, niliuona. Aliposikia nyufa za kuta, mzaha ukazimika. Alikaa, mikono katikati ya mapaja, akitazama sakafu. Nilimjua maisha yake yote na sikuwahi kumwona hivyo.

"Mtoto wangu analala kando ya ukuta," akasema.

Daktari akamwambia mtoto aletwe apimwe kama atapata homa, na kitanda kisogezwe, na wapate chandarua.

"Nitibu haraka, daktari. Nina ukuta nyumbani."

Tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine duniani. Hakusema anataka kupona. Alisema anataka kwenda kuziba.

Dawa yenyewe ni sindano, kila siku, matakoni, kwa wiki mbili na zaidi. Daktari alisema hutengenezwa kwa madini yaitwayo antimoni. Mdogo wangu akasema, "Basi mnanitia nondo nisipasuke," na daktari akacheka, lakini hakuacha kueleza, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alisema dawa hii imeponya watu wengi sana ambao bila hiyo wangekufa, maana kala-azar isipotibiwa huua. Lakini ina ukali wake. Inaweza kuumiza viungo na misuli. Inaweza kumchafua mtu tumbo, kumtapisha, kumletea maumivu makali yanayotokea mgongoni. Na kubwa kuliko yote, inaweza kuuvuruga moyo, mapigo yakapotea njia. "Ndiyo maana tutakupima moyo kwa mashine. Na ndiyo maana lazima utuambie kila unachosikia mwilini. Tukiona moyo unasumbuka, tutaisimamisha na kutafuta dawa nyingine."

Mimi nilisikia: watamlinda. Yeye alisikia: watakatiza.

Wodini kitanda cha jirani kilikuwa cha mzee mmoja aliyewahi kuendesha malori, nasi tulimwita Dereva. Yeye alianza sindano zilezile kabla yetu, mashine ikaonyesha moyo hauendi sawa, wakasimamisha. Sasa alikuwa akingojea dawa nyingine itoke mbali, na kazi yake ilikuwa kukaa dirishani na kulalamika. Alilalamikia uji, mto, kunguru, serikali na miguu yake. Ila yake haikuwa na mwisho. Mdogo wangu alimpenda kweli, walicheza bao pamoja, lakini usiku wa kwanza alininong'oneza, "Dada, yule ni ukuta wa nusu. Mimi sitaki." Nilidhani ni utani tu wa mafundi.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, na nataka hili lijulikane. Homa ilishuka. Bandama lilinywea, hata mimi niliweza kulisikia kwa vidole. Alianza kuomba chakula, akaanza kuwasema wapishi. Jioni moja alinichorea kwa kijiti, kwenye mchanga wa nje ya wodi, jinsi atakavyoanza: chumba cha mtoto kwanza, kutoka mlangoni kuzunguka hadi mlangoni, bila kupumzika. "Na benki ya mtoto?" nikamuuliza. "Nitampa hundi," akasema. Tulicheka mpaka wagonjwa wa dirishani wakachungulia.

Kila asubuhi muuguzi alipita na sinia lake. Alikuwa mama mtu mzima, mnene, mpole, mwenye miguu inayovimba, na wote tulimwita Sista. Alikuwa akisimama kwenye kila kitanda na kuuliza, "Hujambo? Umeamkaje?" Dereva alijibu kwa robo saa. Mdogo wangu alijibu, "Sijambo, Sista. Nimeamka salama." Sista akamdunga, akapita. Mashine ya moyo ilikuwapo, imefunikwa kitambaa pembeni, lakini karatasi zake za kuchorea mapigo zilikuwa zimekwisha. Zimeagizwa, walisema. Kwa hiyo kipimo kikawa ile salamu, na ukimwamkia mtu aliyelelewa na mama yetu, utaambiwa sijambo.

Nilianza kuona mambo. Nilimwona anashuka kitandani kwa vipande, goti kwanza, kisha nyonga, kama mtu wa umri wa baba yetu. Niliona sahani yake inaisha, nikafurahi, mpaka nikagundua inaishia kwa Dereva. Na niliona jambo jingine ambalo wodi nzima ililipenda. Akitembea kwenye korido alikuwa anasimama, anaegemeza kiganja ukutani, kisha anagonga kwa kifundo cha kidole, kok, kok, sikio limeelekea ukutani. "Huu aliupiga mtu mwenye haraka," anasema. Anakwenda hatua chache, anasimama tena. "Hapa fundi alikwenda kula." Watu walikuwa wakimfuata kwa kicheko, wagonjwa, wafagiaji, hata daktari. Mimi nilisimama mwisho wa korido na kumtazama mdomo. Midomo ilikuwa ya kijivu. Alikuwa hakagui ukuta wowote. Alikuwa anapumzika.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Sista. Nikamwambia, mdogo wangu anahema, hali chakula, anashika kuta ili asianguke. Sista akaacha alichokuwa anafanya, akaja nami kitandani.

"Fundi, dada yako anasema hujisikii vizuri. Moyo unakwenda mbio?"

"Sista, moyo wangu ulikwenda mbio mara moja tu, siku niliyomwona mama mtoto. Tangu hapo umetulia."

Wodi ikacheka.

"Kizunguzungu je?"

"Wewe ukipita."

"Acha mchezo. Tumbo?"

"Tumbo linamwogopa Dereva, maana anakula na yangu. Sista, huyu dada yangu alizaliwa akiwa bibi kizee. Nilipopiga chafya utotoni alishona sanda."

Wakacheka tena, na Sista pia, lakini alimshika kifundo cha mkono na kukaa akihesabu mapigo kwa saa yake ya kifuani. Wakati ule yalikuwa yametulia. Ndivyo ulivyo moyo unaovurugwa na dawa ile, tulikuja kuambiwa: huenda mrama, ukarudi, ukamfanya shahidi aonekane mwongo. Sista akanipigapiga begani na kusema, "Usijali, mama, tutamwangalia." Nilitoka nje nikiwaka.

Alinifuata, taratibu, akaketi kwenye benchi. Nikamgeukia. "Sema kweli. Unaumwa wapi?"

"Dada, zimebaki chache."

"Sikuuliza zimebaki ngapi!"

"Wakinisimamisha nitakaa dirishani kama Dereva, na mtoto analala pale pale. Ukuta hauachwi nusu."

"Wewe si ukuta, mjinga wewe!" Nilipaza sauti mpaka mfagiaji akageuka. "Wewe ni mtu! Mtu anaachwa nusu, anapumzika, anaendelea kesho!"

Akatabasamu lile tabasamu la mkono uliovunjika. Nikamwacha pale, nikaenda kumgongea daktari mlango ofisini, na sikutoka mpaka alipokubali. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema asubuhi gari la hospitali litakwenda mjini, fundi apande akapimwe moyo kwenye hospitali kubwa, na kabla ya kupimwa asidungwe tena. Nilikuwa na furaha ile ya mtu aliyeshinda ugomvi. Nilimfulia shati la safari, nikalianika.

Asubuhi gari lilikuwa uwanjani, dereva wake anapasha injini. Nilikuwa nje kwenye kamba, nachukua shati. Mdogo wangu alikuwa ameamka mapema, ameoga, na alipoona gari alitoka wodini haraka kuelekea chumba cha sindano. Alitaka apewe yake kabla hawajamchukua. Hakutaka siku iruke. Dirisha la korido lilikuwa wazi na nilimsikia anavyokwenda. Nilisikia kok, kok. Nikasikia mtu anasema, "Fundi, huo nao ulipigwa na nani?" Nikasikia kicheko. Kisha kok, moja. Kisha wakacheka tena, zaidi.

Walicheka kwa sababu alikuwa ameteleza na ukuta hadi chini, kiganja kikiwa bado juu yake, wakadhani anakagua msingi.

Sista ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa. Alitupa sinia, nilisikia vyuma vikianguka. Nilipofika alikuwa amepiga magoti kando yake, anamsukuma kifua kwa mikono miwili, na miguu yake iliyovimba imetoka kwenye viatu. Daktari alikuja mbio. Walimsukuma kifua muda mrefu, wakipokezana. Nilisimama na shati mkononi. Niliendelea kulishika hata walipoacha.

Baadaye daktari aliniketisha ofisini kwake. Macho yalikuwa mekundu. Akasema inaelekea mapigo yalipotea njia na hayakurudi. Akasema, "Tulikuwa tunamuuliza kila siku." Nikamwambia, "Mlikuwa mnamwamkia." Akainamisha kichwa.

Msibani mjomba wa wifi yangu, mtu mwenye methali kwa kila sufuria, alitikisa kichwa na kusema, "Ndiyo hivyo, mficha maradhi, kifo humuumbua." Nilimwambia avae viatu vyake aondoke. Walinituliza, wakasema ni majonzi. Hayakuwa majonzi peke yake. Mdogo wangu hakuficha maradhi. Alikwenda hospitali, alitoa damu, aligeuza tako kila asubuhi bila kukosa. Alichoficha ni maumivu ya dawa, akidhani kuvumilia dawa ni sehemu ya kupona. Ni nani aliyewahi kumfundisha vingine? Utotoni tulipokunja uso kwa dawa chungu tulishikwa pua.

Lakini pia sitaki mtu aitukane dawa ile mbele yangu. Nilisikia bandama likinywea chini ya vidole vyangu. Mimi nina hasira na vitu vingi, na hasira yangu kubwa ni kwake yeye, kwa kuniacha na lile tabasamu. Nampenda na nina hasira naye, na hana tena pa kunijibu.

Watu walipotawanyika, mimi na wifi yangu tulibaki na nyumba. Asubuhi moja niliamka nikamkuta ameshachimba udongo, ameuloweka, anaukanyaga kwa miguu na majani makavu ndani yake. Nikachukua mwiko wa marehemu. Tulianza chumba cha mtoto, kutoka mlangoni, kama alivyochora. Kwanza tulitoa benki. Vifungo vilitoka vyekundu, vyeupe, vya bluu, vingine vyenye uzi wangu bado. Binti alivikinga kwa sketi. Kisha akawa anatupokeza mabonge ya udongo, na sisi tunayasukuma ndani ya nyufa. Tulikuwa mafundi wabaya. Udongo ulianguka, tukauokota, tukaupiga tena. Wifi yangu alicheka mara moja, akasema, "Angetufukuza kazi," kisha akafuta macho kwa kiwiko.

Tulikuwa tumefika katikati ya ukuta wa kitanda. Binti akanipa bonge jingine, na vidole vyake vikagusa vyangu. Udongo ulikuwa baridi. Mkono ulikuwa moto.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, shangazi." Na akatabasamu. Lilikuwa lile lile.

Niliweka mwiko chini. Nikamshika uso kwa mikono yangu yenye matope na nikasema, na najua nilimtisha, "Usiniambie sijambo. Mimi usiniambie tena sijambo maisha yako yote. Niambie panauma wapi."

Alimtazama mama yake. Alitazama chini. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba jioni anatetemeka, na kwamba alikuwa hasemi kwa sababu mama analia.

Tuliuacha ukuta nusu. Mwiko ulibaki chini, ndoo ilibaki na udongo, mlango tuliurudishia tu. Hadi leo ukiingia chumba kile utaona mahali tulipokatiza, na ufa umetokea papo hapo, umesimama wima. Kuhusu kuta mdogo wangu alisema kweli tupu.

Ulikuwa kala-azar, lakini ulikuwa mchanga. Daktari yule yule alitupokea. Alituketisha wote wawili, akatuambia dawa ni ile, kwamba ile nyingine haikuwapo na kungojea kungekuwa hatari, na kwamba watoto kwa kawaida huistahimili vizuri kuliko watu wazima. Wifi yangu alinigeukia.

"Wifi, ni ile ile?"

"Ni ile ile."

"Niseme nini?"

Nilitaka kumwambia sijui. Nilitaka kumchukua mtoto nikimbie naye, lakini ningekimbilia wapi? Mtoto ningekimbia naye na ugonjwa wake tumboni. Nikamwambia, "Sema ndiyo. Mimi sitaondoka hapo kitandani." Akasema ndiyo, na mkono wake ukanibana mpaka kucha zikaingia.

Karatasi za mashine zilikuwa zimefika. Niliziona kwenye rafu, bunda zima, bado limefungwa nailoni. Wakampima mtoto kabla ya sindano ya kwanza, mstari ukatoka na vilima vyake, na daktari akatuonyesha kwa kalamu kwamba ni mzuri. Nilikitazama kile kikaratasi na kuona jinsi kilivyo chembamba. Kitanda cha Dereva kilikuwa kitupu, nikageuka kuuliza, lakini Sista akaniwahi. "Alipona yule. Dawa yake ilikuja. Amekwenda kwake, tena akilalamika." Nilishukuru, nikaenda uani nikalia, maana ukuta wa nusu ulikuwa umesimama.

Sista hakuwa anazungumza nami sana. Alizeeka ghafla. Lakini asubuhi ya pili alikuja bila sinia, akavuta kiti, akaketi kwa uzito wote karibu na kichwa cha mtoto. Hakumwamkia. Ni jambo gumu kwa mtu wa umri wake kumkaribia mtoto bila salamu, niliona namna ulimi ulivyojikwaa.

"Mwanangu," akasema, "sikuulizi hujambo. Hapa kwangu hakuna hujambo. Nataka uniambie vitu vyote vinavyokuuma, kimoja kimoja, hata kama ni vidogo. Sitaondoka."

Binti alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akafikiri, akikunja vidole chini ya shuka.

"Hapa walipodunga panauma."

"Ndiyo."

"Na nina njaa."

"Ndiyo. Na nini tena?"

"Namtaka baba."

Kwa pale palipodungwa Sista alileta kitambaa cha maji ya moto, akapakanda taratibu. Kwa njaa mama yake alikwenda kuleta uji. Kwa la tatu hatukuwa na kitu, tukakaa naye kitandani, Sista upande huu na mimi upande ule, mpaka uji ulipofika.